Waliokaa Bila Safari

"Spana ni yangu," alisema Taratibu. "Sikatai. Hiyo rangi nimeipaka kwa mkono wangu."

Spana ilikuwa mezani kati yao, mpini wake wa kijani ukimetameta. Inspekta aliigeuza kwa ncha ya kalamu, akaigeuza tena. Hakuwa mwanamke wa kutulia kitini. Tangu aingie chumbani alikuwa ameshasimama, ameketi, amesimama tena, na sasa alikuwa ameegemea ukuta huku mguu ukimchezacheza kana kwamba una haraka zake mwenyewe.

"Basi la Njano limekosa breki mlimani," alisema. "Kondakta wao amekufa. Stendi, pale lilipokuwa limeegeshwa, tumeokota spana yako. Na asubuhi hiyo hiyo watu wote walikusikia ukimwambia marehemu kwamba basi lao halitafika bondeni. Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

"Ningeshajifunga zamani."

Koplo, aliyekuwa akiandika pembeni, aliinua uso. Inspekta hakucheka, ingawa alitaka. Mzee huyu mwenye upara alikuwa dereva wa mabasi ya Kijani, na jina la Taratibu alipewa na abiria waliochoka kuchelewa.

"Spana ilifikaje kwa watu wa Njano?"

"Nilimwazima marehemu. Alikuwa na kiti kinacholegea, akataka kukikaza. Kugombana tuligombana baadaye."

"Mahasimu mnaazimana spana?"

"Afande, sisi sote tumetoka Shirika moja la mabasi. Tumekula sahani moja miaka na miaka. Siku Shirika lilipovunjwa, wakubwa wakasema kila mwenye basi aende njia anayoitaka. Tukagawanywa, huyu rangi hii, yule rangi ile, tukaambiwa tuchukiane. Basi, abiria tunanyang'anyana. Matusi tunatukanana. Lakini spana hatunyimani."

"Shahidi wako yuko mochwari."

"Najua. Alikuwa kama mdogo wangu." Taratibu alishusha macho kwenye miguu yake iliyokuwa peku. "Lile neno la basi kutofika bondeni nimelisema mimi. Nitakufa nalo."

Mkuu wa kituo alichungulia mlangoni bila kubisha. "Alasiri anakwenda mahakamani huyo. Stendi inafukuta. Njano wameokota mawe, Kijani wameokota mawe, na mawe ya mji huu hayajawahi kwisha. Nataka jalada lifungwe."

"Litafungwa, Mkuu."

"Lifungwe leo." Akaondoka.

Kwenye benchi la korido alikaa mke wa Taratibu, amepakata viatu vya mumewe, kwa sababu mahabusu huvuliwa viatu. Inspekta alitaka kupita haraka. Mama yule hakumshika mkono wala hakulia.

"Afande, mume wangu humsubiri hata kuku avuke barabara," alisema. "Ndiyo maana tajiri wake hampendi. Mtu wa namna hiyo anaua?"

Swali hilo lilimkera Inspekta hadi uani.

*

Basi la Njano lilikuwa limeburutwa hadi nyuma ya kituo, pua imeingia ndani. Fundi wa polisi alitoka chini yake akijifuta kwa tambara.

"Bomba halikukatika," alisema. "Nati imelegezwa. Mtu kalegeza kidogo, kaacha mafuta ya breki yavuje yenyewe. Dereva akikanyaga mara ya kwanza, ya pili, pedali inazama."

"Na hapa?" Inspekta aligusa ubavu wa basi karibu na gurudumu. Rangi ya njano ilikuwa imevimba malengelenge, sehemu nyingine imebanduka hadi bati likaonekana.

"Mafuta hayo hayo. Yamerukia bodi. Hayana adabu, yakigusa rangi yanaila."

"Aliyelegeza alilowa?"

"Mikono yote miwili. Hapo hukwepi."

"Na spana yake?"

"Spana ndiyo inayolowa kwanza."

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo alikuwa kijana mnene mwenye tabia ya kuelewa mambo mdomo ukiwa wazi, na sasa mdomo ulikuwa wazi.

"Ile spana rangi yake nzima," alisema.

"Nzima kama ilivyotoka koponi. Ile haikugusa breki. Iliwekwa pale ili tuiokote."

"Basi tumwachie mzee!"

"Tumwambie nini Mkuu? Atasema mzee ana spana mbili. Rangi imetuambia tu kwamba kuna mtu anayetaka mzee afungwe. Twende tukamtafute."

*

Dereva wa Njano alikuwa wodini, mguu umening'inizwa kwa kamba, macho mekundu. Alikuwa na kitu cha kusema kabla hajaulizwa.

"Kijani walininyang'anya abiria. Andika hilo."

"Walikunyang'anyaje?"

"Basi lilikuwa limejaa, Afande. Mimi mwenyewe nimeliacha limejaa mpaka viti vya nyuma. Nimekwenda chooni, narudi, nusu ya watu hawapo. Nikasema, haya, tungoje lijae tena. Msimamizi akasema hapana, ondoka."

"Msimamizi yupi?"

"Filimbi. Msimamizi wetu stendi. Huyo ndiye anayepanga nani aingie, nani atoke. Akipuliza, unaondoka."

Inspekta alisimama dirishani, akarudi, akashika chuma cha kitanda. "Umewahi kuondoka na basi nusu?"

Dereva alifikiri kweli. "Wakati wa Shirika, ndiyo. Ratiba ilikuwa ratiba, hata ukiwa na nzi peke yake. Tangu tuanze kugombania watu, hata siku moja. Nani ataondoka na viti vitupu awaachie wenzake abiria?"

"Na wewe hukuuliza?"

"Bosi akipuliza filimbi, unauliza nini? Na geti lilikuwa wazi, lori la taka lilikuwa linapita, mlinzi kanipungia mkono. Sikukanyaga breki mpaka kwenye mteremko." Alijifuta uso kwa shuka. "Kondakta akaja mbele, akaniambia, kaka, tulia, elekeza ukutani. Akasimama pale mlangoni awashike watu wasiruke. Upande wake ndio ulioingia."

Inspekta aliweka mkono wake juu ya shuka, karibu na mkono wa dereva, akauacha hapo muda mrefu kuliko desturi yake.

*

Stendi ilikuwa imegawanywa kwa kamba ya polisi: Kijani upande huu, Njano upande ule. Hakuna aliyekuwa amekaa. Wapiga debe waliita abiria huku wakitazamana kwa pembe za macho, na kila injini ilipowashwa watu kadhaa waligeuka kwa pamoja. Nyasi zilikuwa zimeshaumia, fahali walikuwa bado wanakoroma.

Filimbi aliwajia kabla hawajamwita. Alikuwa kijana mtanashati, shati limenyooshwa, na shingoni alining'iniza filimbi ya chuma iliyopakwa rangi ya njano ya kampuni. Aliipuliza hata alipokuwa akiongea, nusu sentensi maneno, nusu sentensi mlio.

"Karibu, Afande. Tumeumia. Yule kondakta alikuwa ndugu yangu." Prrr! "Wewe, sogeza basi! Mzee yule anafikishwa lini mahakamani?"

"Una haraka naye?"

"Watu wana hasira. Mimi ndiye ninayewazuia."

"Kwa nini basi liliondoka nusu?"

Hakusita. "Kijani waliteremsha nauli ghafla. Abiria wakahama. Nikaona bora liende na waliobaki, kabla na hao hawajahama."

"Wakahamia basi lipi?"

"La Kijani, lililokuwa linafuata."

"Asante," alisema Inspekta. Filimbi akainua filimbi yake na kuondoka akipuliza.

Upande wa pili wa kamba, mkatisha tiketi wa Kijani aliapa kwa mama yake na kwa mama wa Koplo kwamba basi lao lilikuwa limeshaondoka na jingine halikuwa limefika. Mwuza maji alisema hivyo hivyo. Hata mlinzi wa geti, anayelipwa na Njano, alisema hivyo hivyo kabla hajagundua kwamba alipaswa kunyamaza.

"Hakukuwa na basi la Kijani," alisema Inspekta. "Basi lililojaa watu limemwaga nusu ya watu wake, na hao watu hawakwenda popote. Koplo, watu wanaokaa kwenye basi na hawaendi popote ni watu gani?"

Koplo alikuna kichwa. "Abiria feki, Afande. Siku hizi kila kampuni inao. Mtu hapendi kuingia basi tupu, anajua litangoja mpaka azeeke. Kwa hiyo wanapanda watu wa kulijaza. Abiria wa kweli akija, feki mmoja anashuka. Anakwenda kukaa kwenye basi linalofuata."

"Wewe umejuaje?"

"Mjomba wangu alikaa humo mwezi mzima. Alisema ndiyo kazi pekee aliyowahi kupandishwa."

Mara hii Inspekta alicheka. Kisha akaacha ghafla na kugeukia basi la Njano lililokuwa likijazwa. Dirisha la kwanza alikaa mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, mkoba mkubwa wa safari magotini. Kijana mwenye begi alipanda. Mama akashuka na ule mkoba mkubwa akiubeba kwa vidole viwili, akavuka uwanja, akapanda basi la nyuma na kukaa dirisha la kwanza.

"Nisubiri hapa," alisema Inspekta.

*

"Mama, hapa pana mtu?"

"Kaa, mwanangu, kaa. Unakwenda mbali?"

"Naona wewe ndiye unayekwenda mbali. Mkoba wote huo!"

Mama alimtazama, akaona viatu vya kipolisi chini ya suruali ya kiraia, akacheka kicheko kizuri cha mtu asiye na la kuficha. "Matambara matupu. Mimi hapa wananiita Mama Safari, na mlima ule sijauvuka tangu Shirika life. Mtanikamata?"

"Kwa kosa la kukaa? Tungewakamata wabunge wote."

Wakacheka wote wawili. Inspekta alijihisi vibaya kidogo, kwa sababu mama huyu alimpenda papo hapo.

"Kazi yenyewe ina masharti?"

"Sana! Usile, ukila unaonekana umeshakaa sana. Usisinzie. Tazama saa, tazama nje, kama mtu anayechelewa. Na kubwa kuliko yote, hushuki mpaka aje wa kukaa badala yako. Ukishuka kabla, umeliua basi. Mimi ndiye mkubwa wao humu. Nikitulia, wote wanatulia."

"Na ukishuka?"

"Wanashuka. Wanajua mama yao amepewa amri."

"Siku ya ajali mlishuka wote."

Uso wa mama ulibadilika, lakini ilikuwa huzuni tu, haikuwa hofu. "Mungu alitaka tupone. Mwanangu alipanda mwenyewe, akaniambia, Mama, shuka ukapumzike, leo umechoka. Hajawahi kuniambia hivyo kabla ya watu kujaa. Nikamwambia, baba, basi halijapata watu. Akanishika mkono, akanishusha kama yai. Wenzangu nao wakashuka." Alipangusa jicho. "Watu wanasema vijana wa siku hizi hawana huruma. Wangu anayo. Angechelewa kidogo, ningekuwa humo."

"Mwanao ni nani, mama?"

"Si huyu anayetupigia makelele." Alielekeza kidevu dirishani, kwa fahari. "Filimbi."

Inspekta alitaka kusimama. Miguu ilikuwa tayari. Akajizuia, akauliza swali lililobaki, taratibu.

"Mikono yake ilikuwaje, alipokushika?"

"Ilikuwa inateleza. Nikamwambia, umeshika mafuta gani? Nimefua kitenge changu hakijatakata." Mama alikuwa akiongea sasa kwa kasi ya mtu anayekumbuka. "Na yule kondakta, maskini, alikuwa ananibebea mkoba huu kama una mawe kweli, ili watu waamini. Siku ile kanipokea mlangoni, kaniambia, Mama Safari, leo umefika mapema! Nikamwambia mwanangu, na huyu mwenzako je, naye si apumzike? Akasema..."



"Akasemaje, mama?"

Mama Safari aliuvuta mkoba kifuani. Aliangalia mkoba, kisha Inspekta, kisha nje ambako filimbi ilikuwa ikilia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Inspekta aliuona uchungu huo ukiingia ukakaa.

"Akasema lazima abaki mtu wa kukatisha tiketi," alisema mama kwa sauti ndogo sana.

*

Filimbi alipanda basini akidhani anaitwa kushuhudia jambo dogo. Koplo alisimama mlangoni nyuma yake.

"Umesema abiria wako walihamia basi la Kijani," alisema Inspekta. "Hakukuwa na basi la Kijani. Walioshuka ni watu wako, na uliwashusha wewe. Kwa nini?"

"Mama alikuwa amechoka. Kumpumzisha mzazi ni kosa?"

"Si kosa. Nipe hiyo filimbi."

"Ya nini?"

"Nipe."

Aliivua polepole. Inspekta aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Upande ambao kidole gumba hukaa, na upande wa pili ambao kidole cha shahada hukaa, rangi ya njano ilikuwa imevimba na kubanduka, malengelenge yale yale ya ubavu wa basi.

"Mafuta ya breki hula rangi," alisema. "Uliyoitumia ni spana nyingine. Ya mzee uliitoa kwenye sanduku la vifaa la basi, marehemu alikoiweka, mkono umeshaufuta kwa haraka, ukaiweka chini ukiishika ncha yake isiyo na rangi, ili tuikute. Lakini vidole havikutakata, ukamshika mama yako, kisha ukapuliza basi liondoke. Umemfungisha mtu asiyejua lolote kwa neno moja la hasira."

"Filimbi yangu ni ya zamani, Afande. Imechakaa tu."

"Na kitenge changu?" aliuliza mama yake.

Hakuwa amesimama. Alikuwa bado dirishani, mkoba magotini, kama abiria. Filimbi alimgeukia, na ule utanashati wote ukamwisha.

"Mama, wewe nyamaza, haya huyajui."

"Na kitenge changu nacho ni cha zamani?"

 Nje mpiga debe aliita mji wa bondeni, na hakuna aliyepanda.

"Lilitakiwa ligonge ukuta wa geti," alisema Filimbi hatimaye. Alimwambia mama yake, si polisi. "Kila siku geti linafungwa, dereva anakanyaga breki pale. Lingegusa ukuta, watu wapate michubuko, spana ionekane, Kijani wafungiwe njia. Basi! Walikuwa wanatumaliza, Mama. Mwezi huu tungefunga. Wewe ungekaa wapi? Nani angekulipa kwa kukaa? Nilitaka liende na watu wachache. Nikatazama ndani, nikakuona wewe. Sikuweza."

"Uliponiona mimi hukuweza."

"Ndiyo, Mama."

"Na yeye alikuwa mlangoni, ameshika mkoba wangu. Yeye hukumwona?"

Filimbi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakikutoka kitu, wala neno wala mlio.

*

Walimpitisha mlango wa nyuma ili mawe yasipate pa kwenda. Inspekta alimpigia Mkuu simu akitembea. Alisema mahabusu aliyepo apewe viatu vyake, na yupo mtu anayevishika koridoni. Mkuu aliuliza kama ana hakika. Alisema ana hakika, akakata, kisha akasikia hasira ambayo hakujua imuelekee nani. Alikuwa amemfungua mtu mwema kwa maneno ya mama mwema, na hakuna chuo kinachofundisha namna ya kumshukuru mama huyo.

Alipofika kwenye gari, Koplo alikuwa amesimama mlangoni akihangaika. Filimbi alikaa kiti cha nyuma, pingu mikononi, uso umeinama. Kando yake, dirishani, alikaa Mama Safari na mkoba wake.

"Nimembembeleza, Afande," alinong'ona Koplo. "Hataki."

Inspekta aliinama. "Mama, hili si basi. Shuka, nitakuletea gari lingine ukaandike maelezo. Huyu anakwenda mbali."

"Najua anakokwenda. Na maelezo nitaandika, yote, hata ya kitenge." Mama hakumwangalia mwanawe. Alikuwa akitazama nje, kama mtu anayechelewa. "Lakini nilishushwa siku ile kabla hajaja wa kukaa badala yangu, na mtoto wa mtu amekufa. Leo sishuki."

Inspekta alisimama hapo kwa mara ya kwanza bila kutaka kwenda popote. Kisha akafunga mlango polepole, akamwambia Koplo awashe gari.